Faranga Kuukuu na Simu Inayobahatisha

Leo sizungumzii simu mpya wala lugha ya programu. Nazungumzia bei ya sarafu kuukuu, hasa faranga, kwa sababu zimejaa programu za simu zinazodai kuzipima thamani kwa picha. Mimi naishi kwa kuandika programu, na baada ya kuzichungulia hizi nasema wazi: namba zinazotolewa na nyingi kati yake si bei. Ni kubahatisha kulikovalishwa suti. Hilo lingekuwa jambo la kuchekesha tu kama kusingekuwa na watu wanaolipa pesa zao kwa kuamini namba hizo.

Kwa asiyeijua biashara hii, mambo huenda hivi. Unapakua programu, unapiga picha upande mmoja wa sarafu kisha wa pili, kiduara kinazunguka sekunde chache, halafu inakutokea: "Faranga 5, Kongo ya Ubelgiji, 1947. Thamani: dola 4 hadi dola 1,800." Dola 4 hadi 1,800! Jamani, nikikwambia ng'ombe wangu ana bei kati ya kuku mmoja na pikipiki nne, utasema nimempima ng'ombe? Kisha wanataka ulipie kwa wiki au kwa mwaka ili uone "maelezo kamili". Siku za mwanzo ni bure, na ukisahau kufuta usajili kadi yako inakatwa. Hapo ndipo faida ilipo. Sarafu yako haiwahusu kabisa.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam ataniuliza, faranga zimefikaje Myanga? Swali zuri. Myanga iko Bumula, kaunti ya Bungoma, upande wa kuelekea Malaba. Malori yanayopita mpaka wa Malaba yanatoka na kwenda Kigali, Bujumbura na Kongo, huko kote fedha ni faranga, na sarafu husafiri mfukoni mwa utingo bila pasipoti. Reli ya Uganda nayo imepita sehemu hizi tangu miaka ya 1920. Lakini kuna njia nyingine ambayo watu wengi hawaifikirii: vita. Mwaka 1942 Waingereza waliishambulia Madagaska, koloni la Ufaransa lililokuwa chini ya serikali ya Vichy. Mwezi wa Mei walishuka Diego Suarez, na mwezi wa Septemba brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ikashuka Majunga, ndani yake wakiwamo askari wa KAR. Mapigano yalikwisha Novemba mwaka huo huo. Sasa wewe fikiria, askari anarudi nyumbani, mfukoni amebaki na sarafu za nchi aliyopigania. Atazitumia wapi? Anazitia kwenye kopo, kopo linakaa juu ya dari, anakufa, wajukuu wanalikuta.

Ndiyo maana ukiona faranga moja ya shaba ya mwaka 1943 yenye jogoo upande mmoja, msalaba wenye vipandio viwili upande wa pili na neno MADAGASCAR, usishangae. Na hapa kuna kitu kitamu. Sarafu hiyo ya Wafaransa haikutengenezwa Ufaransa. Paris ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, kwa hiyo ilipigwa Pretoria, Afrika Kusini, na ukiangalia vizuri utaona herufi SA. Msalaba ule ni wa Lorraine, alama ya wafuasi wa Jenerali de Gaulle. Historia yote hiyo kwenye kipande cha shaba! Kisha unauliza bei, na jibu la kweli ni hili: zilipigwa mamilioni, na iliyochakaa huuzwa kwa dola chache tu. Historia nzito haifanyi bei iwe nzito. Bei inatokana na idadi iliyobaki, hali ya sarafu yenyewe, na watu wangapi wanaitaka. Programu za simu zinajua kwamba mwenye kopo hajui tofauti hiyo, na zinamwachia aichanganye.

Sasa niwaonyeshe tatizo la kiufundi, maana hii ndiyo kazi yangu na hapa siwezi kupita haraka.

Kamera haina mizani. Ukipiga picha ya sarafu, programu inaona duara. Haijui kama duara lina kipenyo cha milimita 19 au 35, wala kama lina uzito wa gramu 2 au 17. Chukua Kongo ya Ubelgiji. Miaka ya 1940 walitoa sarafu za tembo za thamani mbalimbali: faranga 1, faranga 2, faranga 5 na faranga 50. Ile ya faranga 50 ya mwaka 1944 nayo ilipigwa Pretoria, ina uzito wa gramu 17.5, na nusu ya uzito huo ni fedha halisi, ile ya sonara. Hizo nyingine ni shaba ya manjano. Ile ya faranga 2 ya mwaka 1943 angalau ina pembe sita, ilipigwa Philadelphia kule Marekani, hata mtoto ataitambua. Zilizobaki ni mviringo, zina tembo yule yule na jina lile lile la benki kwa Kifaransa na Kiflemi. Nilizijaribu programu tatu, sizitaji, kwa faranga 5 ya 1947 iliyolika kiasi. Moja ilisema ni faranga 50 ya fedha. Iliona tembo, ikarukia tembo wa bei. Kipande cha shaba kikageuka madini ya thamani kwa sababu taa ya jikoni ilikuwa na mwanga hafifu!

Mfano wa pili ni wa Ufaransa wenyewe, na naupenda zaidi. Kuna faranga moja yenye mwanamke anayepanda mbegu huku jua likichomoza nyuma yake, kazi ya mchongaji Oscar Roty. Kuanzia 1898 hadi 1920 sarafu hiyo ilikuwa ya fedha, gramu 5, na asilimia 83.5 yake ni fedha safi. Halafu mwaka 1960 Wafaransa wakairudisha picha ile ile kwenye faranga mpya, safari hii ya nikeli, gramu 6, wakaendelea nayo mpaka sarafu ya yuro ilipoingia mwaka 2002. Mwanamke yule yule, mbegu zile zile, jua lile lile. Moja ina zaidi ya gramu 4 za fedha ndani yake, nyingine haina hata chembe. Benki kuu ya Ufaransa iliacha kubadilisha sarafu za faranga tarehe 17 Februari 2005, kwa hiyo ile ya nikeli hata benki haiitaki.

Unazitofautisha vipi? Mwaka umeandikwa, lakini kama umefutika usiilipe programu yoyote. Nenda kwa fundi redio mwombe sumaku ya spika iliyokufa. Nikeli inavutwa na sumaku, fedha haivutwi. Basi. Kisha mwombe sonara pale Bungoma akupimie kwenye mizani yake, gramu 5 au gramu 6. Vifaa viwili, vyote vya bure, na vinashinda mtandao wa neva uliofundishwa kwa picha milioni moja. Uzito haumo kwenye picha, na kitu ambacho hakimo kwenye data hata ufanyeje hutakitoa. Kila mwanaprogramu anafundishwa hilo mwaka wa kwanza, kisha wengine wanalisahau wakiona mwekezaji.

Bado kuna uovu wa namba zenyewe. Zinatoka wapi? Mara nyingi zinachotwa kwenye tovuti za mnada na matangazo, na humo zinachotwa bei zinazoombwa pamoja na bei zilizolipwa, zote kapu moja. Mimi nikitangaza faranga yangu kwa dola 3,000, hakuna atakayenizuia, wala hakuna atakayeinunua. Itakaa pale miaka mitano ikiharibu takwimu. Fanya hesabu hii mwenyewe: sarafu kumi zimeuzwa kwa dola 2 kila moja, na tangazo moja la mjinga linasema dola 3,000. Jumla ni 3,020, gawa kwa 11, unapata wastani wa zaidi ya dola 274. Lakini ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ile ya katikati, unapata dola 2. Mwanaprogramu mwaminifu angetumia ya katikati na angelitupa tangazo lile nje. Mbona hawafanyi hivyo? Kwa sababu dola 2 haimfanyi mtu alipie usajili. Hili si kosa la programu, wadau. Limewekwa kwa makusudi.

Hali ya sarafu nayo ni pigo. Wakusanyaji hutumia kipimo cha 1 mpaka 70, na sarafu ile ile inaweza kupanda bei mara nyingi kutoka iliyochakaa hadi ambayo haijawahi kutumika. Zile za kwenye kopo, ambazo zilinunua chumvi na kulipa kodi kwa miaka thelathini, ziko chini kabisa ya kipimo. Programu inaweka kiwango cha juu kwa sarafu iliyotoka kiwandani jana, kisha inakuonyesha wewe mwenye sarafu iliyolika pua ya mfalme. Na mtu akiona dola 1,800, hufanya nini? Anaisugua! Jivu, ndimu, mchanga, dawa ya kung'arishia shaba. Nakuomba kwa heshima zote, usiisugue. Mkusanyaji akiona mikwaruzo ya kusugua anaiweka chini, na hata ile dola moja na nusu imekwenda.

Sasa nije kwenye kinachonikasirisha hasa. Kuna mama mmoja jirani yetu, umri wa kuwa nyanya yangu, na ndivyo tunavyomwita, kukhu. Mjukuu wake alipiga picha sarafu za kopo la marehemu mumewe, programu ikajumlisha ikasema zina thamani ya dola elfu kadhaa. Kijana akazitangaza kwenye Facebook. Hazikupita siku mbili, akajitokeza "mnunuzi wa kimataifa". Mnunuzi alikubali bei yote ya programu bila kubishana hata senti. (Mkiona mnunuzi habishani, kimbieni. Hata muuza ng'ombe pale sokoni anajua hilo.) Kisha ikaja ada ya usajili, shilingi 2,500 kwa M-Pesa. Kukhu akauza kuku. Ikaja ada ya cheti cha uhalisi, shilingi 6,000. Hapo ndipo aliponiita. Nilimwambia, "Kukhu, usitume tena, hawa ni wezi." Akanijibu, "Mwanangu, lakini simu yenyewe imesema." Sikiliza vizuri maneno hayo. Hakumwamini tapeli. Aliiamini programu, na tapeli alikuja tu kuvuna.

Waliotengeneza programu watasema hawahusiki, wao hawakuomba ada ya M-Pesa. Ni kweli, wao walikata kadi. Lakini anayechapisha namba ya juu akijua haina ushahidi anamwandalia tapeli shamba. Uvumi wa bei za ajabu si mpya. Mwaka 2009 kule Saudi Arabia watu walikimbilia kununua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za kichaa kwa sababu ya uvumi wa zebaki nyekundu. Tofauti ni kwamba siku hizi uvumi una nembo, una nyota nne na nusu, na unavaa jina la akili bandia.

Najua kuna atakayesema, wewe una wivu, mbona kuna sarafu zinazouzwa kwa maelfu? Zipo. Ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa na Wajerumani Tabora mwaka 1916, yenye tembo na mlima nyuma yake, inauzwa kwa maelfu ya dola. Zilitoka chini ya 17,000, ni dhahabu, na zina hadithi inayojulikana dunia nzima. Lakini angalia inavyothibitishwa: metali inapimwa, uzito unapimwa, na minada imeziuza mara nyingi kwa bei zilizochapishwa. Hakuna aliyezipata kwa kupiga picha jikoni.

Upande mwingine kuna senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zile za tundu katikati na pembe za ndovu. Zina jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyetawala chini ya mwaka mmoja akaacha kiti tarehe 11 Desemba 1936 ili amwoe mwanamke anayempenda. Matangazo ya mtandaoni yanazipigia debe: "Sarafu ya mfalme aliyejiuzulu, adimu sana!" Ni kweli kwamba Uingereza kwenyewe hazikuingia sokoni sarafu zenye sura yake. Huku kwetu jina lake lilipigwa kwenye ndururu kwa mamilioni, kwa sababu sarafu za tundu hazina nafasi ya sura na hapakuwa na cha kusubiri. Kila kopo la tatu linayo. Programu inasoma EDWARDVS VIII, inakumbuka kwamba huko Uingereza ni adimu, inapandisha bei. Imejua historia ya Uingereza, haijui ya Bungoma.

Hata tukichukua bei ya kweli bado kuna umbali. Tuseme faranga yako ya Madagaska kweli ina thamani ya dola 5 kwa mkusanyaji wa Lyon. Wewe uko Myanga. Kuna nauli ya kwenda posta Bungoma, gharama ya kifurushi kinachofuatiliwa, kamisheni ya tovuti ya mnada, makato ya kupokea dola, na mnunuzi asiyekujua ambaye hana sababu ya kukuamini. Ukitaka ithibitishwe na maabara za Marekani, ada ya sarafu moja ni makumi ya dola. Toa yote hayo kwenye dola 5 uone unabaki na nini. Thamani bila njia ya kuifikia ni mapambo. Programu nzuri ingeuliza "uko wapi?" kabla ya kusema lolote, na kwa mtu wa Myanga mara nyingi ingejibu: itunze, mwonyeshe mtoto wako, usipoteze nauli.

Wanaprogramu wenzangu, hasa vijana mnaotaka kuandika toleo la Kiswahili (wawili wameshaniandikia), mnaweza kuifanya kazi hii kwa haki na si ngumu. Wekeni kisanduku cha uzito na kisanduku cha sumaku, ndiyo au hapana, na programu ikatae kutoa bei visanduku vikiwa vitupu. Onyesheni mauzo yaliyokamilika tu, kila moja na tarehe yake. Mkiwa na mauzo mawili, andikeni "mauzo mawili", msiandike "soko la dunia". Ruhusuni programu iseme "sijui". Na pale juu kabisa, kwa herufi nene, kabla ya bei yoyote: mnunuzi halisi hakuombi ada. Hamtapata mamilioni ya wanaopakua. Pengine mtapata mia tatu, na kukhu mmoja atabaki na kuku wake.

Kwa wale "wanunuzi wa kimataifa" nina ofa. Njooni Myanga siku ya soko. Nitaweka meza karibu na steji, na mizani, na sumaku ya spika, nitawaita watu wote wenye makopo. Njooni na noti mkononi, chagueni mnazotaka, lipeni mlizosema kwenye matangazo yenu. Usajili ni bure, na chai nitanunua mimi.